Kupima g kwa uzi na nati

Unataka kupima g, yaani mchapuko wa kitu kinachoanguka kwa mvutano wa dunia (m/s²), na hakuna maabara? Tafuta uzi wa pamba, nati nzito, rula na simu yenye saa ya kupimia sekunde. Bana uzi kati ya vipande viwili vya ubao vilivyokazwa; ukiuning'iniza kwenye msumari tu utazungukazunguka na urefu utabadilika. Pima mita 1 kutoka pale ulipobanwa hadi katikati ya nati, si kwenye fundo. Vuta nati kando sentimita 10, iachie bila kuisukuma.

Pima muda wa bembea 20, kwenda na kurudi ni moja. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea: unapobonyeza saa, sema "sifuri". Anayeanza na "moja" amepima bembea 19; atapata sekunde 38 na g karibu 10.9.

Gawa kwa 20 upate T, yaani muda wa bembea moja, kisha g = 4π²L ÷ T², L ikiwa ule urefu uliopima kwa mita. Sekunde 40.2 zinatoa 9.77. Msilazimishe 9.81 ya vitabuni! Kwa mfano, Kampala iko karibu na ikweta, tena juu ya mita 1,100, kwa hiyo g hupungua kidogo.

Rudia kwa urefu wa sentimita 75, 50 na 25, mchore grafu ya T² dhidi ya L.