Kupanga Banda la Gari la Nyumba ya Pwani: Mwongozo kwa Wanaojenga Tanga

Katika nyumba nyingi mpya za Kange, Mikanjuni na pembezoni mwa Pongwe, nafasi ya gari hufikiriwa mwishoni kabisa, wakati uzio umekwisha kusimama na shimo la maji machafu limechimbwa mahali hasa ambapo gari lingepita. Mwongozo huu umeandikwa kwa mwenye nyumba ambaye bado ana nafasi ya kuamua, na unafuata mpangilio ninaoutumia mwenyewe ninapoitwa kupanga kazi ya namna hii.

Rai yangu niiseme mapema. Kwa mji wa bahari kama Tanga, banda lililo wazi pembeni, lenye paa imara na sakafu inayomwaga maji vizuri, hulifaa gari kuliko gereji iliyofungwa kwa kuta nne. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na gari lililoloa mvua likifungiwa ndani hulala na unyevu huo hadi asubuhi, ilhali penye upepo hukauka kwa saa chache. Usalama ambao watu huutafuta kwenye gereji hupatikana kwa uzio mzuri na geti linalofungika.

Hatua ya 1: Pima gari likiwa na milango wazi

Wengi hupima gari lililosimama, wakasahau kwamba watu hushuka ndani yake. Gari dogo la kawaida lina urefu wa karibu mita 4.5 na upana wa mita 1.7 hivi, pikapu ya milango minne hufikia mita 5.3 kwa urefu na hukaribia mita 1.9 kwa upana. Lisimamishe gari lako mahali pa wazi, fungua milango yote mpaka mwisho, kama atakavyoifungua mama aliyebeba mtoto na kikapu cha sokoni, kisha pigilia vigingi kwenye ncha za milango na uvute kamba. Ukipima kati ya kamba na kamba utaona upana unafika mita 3.5.

Kwa sababu hiyo banda la gari moja nalipangia upana wa mita 3.5 na urefu wa mita 6. La magari mawili hutosha likiwa mita 6 kwa 6, kwa kuwa milango inayotazamana hutumia nafasi moja kwa zamu. Kimo cha upande wa chini wa paa kisipungue mita 2.4, na anayebeba mizigo juu ya keria aongeze hadi mita 2.7.

Hatua ya 2: Soma jua na upepo kabla ya kuchora

Tanga iko takriban nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, hivyo jua la saa sita mchana halitoki mbali na utosi mwaka mzima: mwezi Juni huelemea kaskazini, mwezi Desemba huelemea kusini, na paa la kawaida hulizuia bila taabu. Jua linalopausha rangi na kupasua dashibodi ni lile la alasiri, kuanzia saa tisa, ambalo huingia kwa chini likitokea magharibi na kupita chini ya paa kana kwamba paa halipo. Upande wa magharibi, basi, ndio upande pekee ninaoshauri ujengewe ukuta, na ukuta huo uwe wa tofali za matundu ili jua lizuiwe na upepo upite.

Upepo nao una kalenda yake. Kaskazi huvuma kati ya Desemba na Machi, kisha kusi hushika na kuendelea hadi Septemba hivi. Masika, yaani mvua kubwa za Machi hadi Mei, huja kusi ikiwa inaanza kupata nguvu, na mvua hiyo hupiga kwa mshazari. Paa lililoinuliwa upande wa kusini hukaribisha mvua ndani na, kibaya zaidi, hupokea upepo kwa chini na kutaka kunyanyuka. Elekeza upande wa chini wa paa kusini, na ule wa juu uangalie kaskazini. Kama geti lako linaruhusu gari kuingia likitokea mashariki na kusimama likiutazama ukuta wa magharibi, mambo yote mawili yamepata jawabu kwa mpango mmoja.

Hatua ya 3: Chagua mahali kwenye kiwanja

Chora kiwanja chote kwenye karatasi, kikiwa na nyumba, kisima, shimo la maji machafu, miti na geti. Geti liwe na upana wa mita 3 au zaidi, na kati ya geti na banda pawe na njia iliyonyooka ya angalau mita 6, ili dereva asilazimike kukata kona huku nyuma ya gari ikiwa bado barabarani. Gari lisipite juu ya mfuniko wa shimo la maji machafu ambao haukusukwa nondo za kubeba uzito huo. Moshi wa gari usielekee dirisha la chumba cha kulala, wala banda lisizibe upepo unaofika barazani, kwa sababu baraza isiyo na upepo haina mtu wa kuikalia.

Mnazi usiwe karibu. Kuti kavu peke yake linatosha kukunja bati, na dafu likianguka kutoka mita 10 huvunja kioo cha mbele. Kama huna moyo wa kuukata, sogeza banda.

Kabla ya kuchimba, peleka mchoro kwenye ofisi ya halmashauri ya jiji uombe kibali cha ujenzi na uulize umbali unaotakiwa kutoka mpakani. Walio ufukweni wakumbuke kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa bahari.

Hatua ya 4: Panga nguzo na msingi wake

Nguzo nne zinatosha kwa gari moja, lakini zisikae kwenye pembe nne za paa. Ziweke kwa umbali wa mita 4 kati ya ya mbele na ya nyuma, kisha acha paa lichomoze mita 1 mbele na mita 1 nyuma. Kwa mpango huo nguzo zinaangukia kwenye bampa za gari, na eneo lote la milango linabaki wazi.

Kuhusu nguzo za chuma, naomba msomaji afanye uchunguzi mdogo. Aitafute nguzo iliyofukiwa moja kwa moja kwenye zege katika nyumba iliyo karibu na bahari, Raskazone au Sahare, kisha ainame na kuitazama pale inapokutana na sakafu. Mara nyingi ataona rangi imevimba kama malengelenge kwa upana wa kiganja. Akigonga kwa ufunguo usawa wa kifua, chuma hulia; akigonga pale chini, sauti hufifia na magamba ya kutu hudondoka. Maji ya mvua na ya kuoshea gari hujikusanya kwenye mshono huo, chumvi hubaki yakikauka, na nguzo huliwa kwa chini wakati juu bado inang'aa.

Dawa yake ni kuinua chuma kutoka sakafuni. Chimba shimo la sentimita 60 kwa 60 lenye kina cha sentimita 60, jaza zege, na malizia kwa kiguzo cha zege kinachoinuka sentimita 15 juu ya sakafu. Juu yake funga nguzo kwa bamba la chuma na bolti nne zilizopakwa zinki. Usipunguze shimo kwa kubana matumizi: zege la ujazo huo lina uzito wa karibu nusu tani, na uzito huo ndio unaolishikilia banda upepo unapolivuta juu. Mabomba ya mraba yazibwe kwa juu maji yasiingie, na kila mahali palipochomelewa pasuguliwe kwa brashi ya waya na kupakwa rangi yenye zinki kabla ya rangi ya mwisho.

Mchanga wa ufukweni usikaribie kazi hii, hata ukipatikana bure. Chumvi yake huozesha nondo ndani ya zege, na zege hupasuka kwa ndani kuja nje.

Anayependa mbao atumie mtiki, ambao Tanga tunao karibu kwa kuwa msitu wa kupandwa wa Longuza uko Muheza, au mbao za msindano zilizotiwa dawa. Boriti za mikoko nazishauri kwa tahadhari, kwa kuwa mikoko ni misitu ya hifadhi na huvunwa kwa kibali tu.

Hatua ya 5: Paa na maji yake

Kwa bati, mteremko wa nyuzi 10 unatosha, nao ni sawa na tofauti ya sentimita 60 kati ya nguzo za juu na za chini kwa upana wa mita 3.5. Chagua geji 28 badala ya geji 30; namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Rangi nyeupe au ya kufifia hupunguza joto chini ya paa. Papi, yaani mbao zinazoshikilia bati, zipangwe kila sentimita 90, na bati lifungwe kwa skrubu zenye mpira, zikipita kwenye mgongo wa bati na si bondeni, ambako maji hupita. Pembezoni ongeza skrubu, kwa maana paa huanza kung'oka kingoni.

Paa la banda lisishikane na paa la nyumba. Mshono wa mapaa mawili ndipo uvujaji unapoanza, na kuutibu kila masika ni gharama isiyo na lazima.

Paa likichomoza pia sentimita 60 kushoto na kulia mwa nguzo, litakuwa na eneo la karibu mita za mraba 28. Milimita 1 ya mvua kwenye mita ya mraba 1 ni lita 1, hivyo mvua ya milimita 50 itakupa lita 1,400. Maji hayo ama yatakumomonyolea msingi au yatajaza tangi lako. Weka gata upande wa chini, na maji ya mvua ya kwanza yamwagwe, maana hubeba vumbi, kinyesi cha ndege na chumvi.

Hatua ya 6: Sakafu, baada ya paa

Watu wengi humwaga jamvi, yaani sakafu ya zege, kwanza. Mimi hulimwaga paa likiwa tayari limesimama, ili zege likauke polepole kivulini. Shindilia kifusi na mawe, kisha mwaga zege la sentimita 10 kwa uwiano wa 1:2:4, yaani saruji, mchanga na kokoto. Eneo la mita 3.5 kwa 6 litachukua karibu mifuko 14 ya saruji ya kilo 50. Fedha ikiwa haba, jenga njia mbili za matairi zenye upana wa sentimita 70 kila moja na katikati jaza kokoto. Mifuko 6 itatosha, na maji yatazama ardhini yenyewe.

Mteremko uwe sentimita 2 kwa kila mita, ukielekea mbali na nyumba. Huo huondoa maji, na bado mtu hukaa juu ya mkeka bila kuhisi ameinama, jambo la maana kwa nyumba zetu, ambako siku ya shughuli gari hutolewa na banda huwa ukumbi wa wageni. Kwa ajili ya siku hizo pitisha waya wa taa mapema.

Mwagilia jamvi asubuhi na jioni kwa siku 7. Gari dogo lisipande kabla ya siku 10, na lori la mchanga lisubiri siku 28.