Mpini wa sime mpya ukicheza: namna ya kuukaza bila kuuharibu

Mtu anayenunua sime iliyofuliwa kwa mkono, iwe mnadani Umasaini au kwa mhunzi wa Ukambani, huangalia kwanza makali, kisha urefu, kisha wekundu wa ngozi ya ala, na mara nyingi husahau kuushika mpini na kuutikisa. Siku chache baadaye, akiwa nyumbani, ndipo anaposikia chuma kikicheza ndani ya mti.

Kucheza huko si jambo la kulifumbia macho. Kati ya mpini na bapa la sime hakuna kikingio cha mkono, makali yako pande zote mbili, na bapa huongezeka upana kadiri linavyoelekea kwenye ncha, hivyo uzito mwingi umekaa mbali na kiganja. Chuma kikichomoka mtu akiwa katika kupiga, hakuna kitakachokizuia kuruka. Kwa sababu hiyo, tangu unapousikia mpini ukicheza, irudishe sime alani na usiifyekee hata jani moja mpaka umalize kuitengeneza.

Kabla ya kushika chombo chochote, ni lazima ujue kinachocheza ni kipi. Funga bapa kwa kitambaa kinene kilichokunjwa mara kadhaa, lishike kwa mkono wa kushoto, kisha kwa mkono wa kulia ujaribu kuuvuta mpini nje na kuurudisha, kuusukuma huku na huku, na mwisho kuuzungusha kama anayefungua kifuniko cha chupa. Ukienda nje na ndani, maana yake msuka, yaani ule mkia wa chuma unaoingia kwenye mti, haukushikwa na kitu chochote, au gundi iliyoushika imeachia. Ukiyumba kwa pembeni tu, basi mdomo wa tundu umepanuka lakini kina chake bado ni kizuri. Ukizunguka, tundu zima ni kubwa kuliko msuka. Na ikiwa mti umetulia tuli na kinachoteleza ni ngozi iliyouvika, shukuru, kwa kuwa kazi yako ni nyepesi. Baada ya hapo chora mstari mmoja wa penseli unaovuka kutoka kwenye chuma hadi kwenye mti, mahali vinapokutana. Mstari huo utakuwa shahidi wako: ukikatika au vipande vyake vikiachana, kuna mwendo ambao mkono wako haukuuhisi.

Hapa natoa ushauri ambao wanunuzi wengi huupokea kwa shida: ngoja wiki mbili au tatu. Sime mpya mara nyingi huvishwa mpini wa mti ambao haujakauka vya kutosha, na mti hunywea unapokauka. Sime iliyotengenezwa mahali penye unyevu ikipelekwa Dodoma, au ikasafiri hadi kwenye nyumba yenye kipasha joto wakati wa baridi kali ya Minnesota, itaendelea kunywea kwa muda. Ukiikaza leo, itakulegea tena mwezi ujao, na kila unapoifungua unazidi kulitanua tundu. Iweke kivulini, mahali panapopita hewa, kisha uitengeneze mara moja tu. Muda huohuo, kama mhunzi anafikika, mrudishie. Kazi ni yake, anaujua msuka alioufua, na mhunzi mwenye kuipenda kazi yake atapenda kuirekebisha mwenyewe kuliko kusikia imepigiliwa misumari na mtu mwingine.

Sime yangu ya kwanza niliinunua kwenye mnada wa ng'ombe mkoani Arusha. Kila nilipoitikisa, unga mweusi mwembamba ulidondoka kiganjani. Nilidhani ni kutu, lakini nilipousugua kwa kidole uliacha alama kama ya mkaa, na kweli ulikuwa mkaa. Mafundi wengi huupasha msuka moto hadi uwe mwekundu, kisha huusukuma ndani ya tundu dogo lililotobolewa kwanza kwa kekee, mti ukaungua na kuchukua umbo la msuka, kama wanavyofanya watia mipini ya visu na mundu. Njia hiyo ni nzuri sana iwapo tundu linakwanguliwa baadaye. Lisipokwanguliwa, msuka unabaki umezungukwa na ganda la mkaa, na mkaa husagika kwa kila pigo hadi chuma kinabaki kikielea.

Ili kuufungua mpini, kata kwanza nyuzi za ngozi kwa wembe, mshono mmoja baada ya mwingine, na uitunze ngozi hiyo hata kama imechanika, kwa kuwa ndiyo kipimo cha kukatia nyingine. Banisha bapa kwenye jiliwa katikati ya vipande viwili vya mbao laini, kisha ugonge mpini kwa nyundo ya mti kutoka upande wa bapa kuelekea nyuma, kidogokidogo, ukibadilisha upande kila baada ya pigo. Ukikataa kutoka, huenda umeshikwa kwa gundi. Hapo tumbukiza mpini peke yake kwenye maji yaliyochemka kwa dakika chache, na aghalabu gundi italegea. Usithubutu kuupasha kwa moto wa jiko huku bapa likiwa wazi. Chuma kinapofika nyuzi 200 hivi za Selsiasi huanza kugeuka rangi ya majani makavu, na karibu na 300 huwa cha buluu; rangi hiyo ikipanda hadi kwenye makali, ugumu ambao mhunzi aliutia kwa jasho lake umeshapungua, na hakuna msasa utakaourudisha.

Mpini ukishatoka, kwangua tundu kwa tupa nyembamba ya duara au kwa waya mgumu uliokunjwa ncha. Lipindue, ligonge, likwangue tena. Utajua umefika unapoona unga unaotoka umebadilika kutoka weusi hadi rangi ya mti wenyewe. Usiache kabla ya hapo, maana gundi utakayoipaka juu ya mkaa itashika mkaa, na mkaa haujashika chochote. Msuka nao usugue kwa msasa mpaka ung'ae, kisha uupanguse kwa spiriti ili mafuta ya vidole yaondoke.

Sasa rudisha msuka mkavu ndani ya tundu upime nafasi iliyobaki. Ikiwa ni ndogo kiasi cha karatasi chache, gundi itatosha. Ikiwa ni kubwa, chonga vibanzi vya mwanzi mkavu, vyembamba, unene wa milimita moja upande mmoja na kupungua hadi kuwa kama karatasi upande wa pili. Nimejaribu mbao nyingi na sijaona kinachoushinda mwanzi kwa kazi hii, kwani haubonyei upesi; hata Wajapani, ambao mapanga yao yanasifika duniani, huuzuia msuka ndani ya mpini kwa kijiti cha mwanzi kinachopenya vyote viwili. Vibanzi vilale kwenye bapa la msuka, kimoja kila upande, na visukumwe kwa kidole gumba. Kibanzi kinachohitaji nyundo ni kinene mno, na mpini unaojazwa kabari kwa nyundo hupasuka kwa kufuata nyuzi za mti, wakati mwingine siku ileile, wakati mwingine mkononi mwa mtumiaji. Kwa sababu hiyohiyo sikubaliani kabisa na tabia ya kupigilia msumari kando ya msuka.

Kwa gundi una njia mbili za kuaminika. Ya kwanza ni lakiri au utomvu mgumu unaoyeyushwa pamoja na nta kidogo na unga laini wa tofali. Hivyo ndivyo vitara vingi vya India, yaani panga zilizopinda zenye mipini ya chuma kitupu, vilivyoshikwa na vinavyoshikwa hadi leo, kwa utomvu ulioyeyushwa ukaganda. Uzuri wake ni kwamba ukipashwa moto huachia, na fundi wa kesho ataweza kuifungua sime bila kuivunja. Ubaya wake ni kwamba hulainika ukiiacha sime ndani ya gari lililoegeshwa juani. Ya pili ni ile gundi ya mirija miwili inayochanganywa nusu kwa nusu. Chagua inayokauka polepole badala ya ile ya dakika tano, kwa sababu inakupa nafasi ya kunyoosha. Itie kidogo ndani ya tundu kwa kijiti, ingiza msuka taratibu huku ukiutikisa ili hewa itoke, futa inayofurika, kisha tazama kutoka kitakoni mwa mpini hadi kwenye ncha, jicho moja limefumbwa, kama seremala anavyotazama ubao. Ikiwa imenyooka, isimamishe mpini ukiwa chini na uiache saa 24 kamili. Gundi ndogo zile za kukamata papo hapo usizitumie. Huganda zikawa kama kioo na kuvunjika kwa mtikisiko.

Ngozi ndiyo inayokamilisha mshiko. Tafuta ngozi mbichi ya mbuzi ambayo haikutiwa dawa, iloweke kwenye maji safi mpaka ilainike kama kitambaa, ikate kwa kipimo cha ile ya zamani na uipunguze upana kidogo, kwa sababu inapaswa kuvutwa. Paka nta kwenye chuma kilicho karibu na mdomo wa mpini, maana maji ya ngozi yakikaa hapo usiku mmoja utaamka ukiona kutu. Toboa matundu kwa msharasi, shona huku ukivuta kila mshono, na mshono wote uwe upande mmoja ambao hautaumiza kiganja. Kausha kivulini kwa siku kadhaa. Juani au kando ya moto hukauka nje kabla ya ndani, ikapasuka kwenye mishono. Ikikauka vizuri hubana mti kwa nguvu ambayo hakuna kamba itakayoifikia, na ukiugonga mpini kwa ukucha utasikia sauti kavu ya kitu kimoja.

Ala nayo ichunguzwe, kwani sime inayotoka yenyewe ala ikipinduliwa ni hatari kuliko mpini unaoyumba. Bandika kipande chembamba cha ngozi ndani ya mdomo wa ala, upande wa bapa tu, kina cha sentimita mbili au tatu. Ukikibandika upande wa makali kitakatwa siku ya kwanza. Unapochomoa, shika ala kwa pande zake bapa, vidole visizunguke kingo, kwa sababu makali yanaweza kupenya kwenye mshono. Ala iliyonywea ikaikaba sime isilazimishwe: sugua nta kwenye bapa, uingize na kutoa mara kadhaa mpaka ikubali.

Mwisho chora tena mstari wa penseli. Kata shina la mgomba mara kumi kwa mapigo mepesi, pasiwe na mtu wala mnyama mbele yako, kisha utazame mstari. Ukiwa mzima, rudia siku ya pili kwa nguvu zaidi, ufute utomvu wa mgomba kabla haujakauka, upake bapa mafuta ya cherehani, na kama huitumii kwa miezi, ihifadhi nje ya ala, imefungwa kwa kitambaa kikavu, kwa sababu ngozi huvuta unyevu na kuulaza juu ya chuma.