Somo: Kulinganisha IHC na FISH katika kupima HER2 ya saratani ya matiti

Wanamaabara wenzangu, karibuni. HER2 ni protini iliyo kwenye utando wa seli; IHC huionyesha kwa rangi, FISH huhesabu jeni lake kwa nukta zinazong’aa. HER2 hueleza ukali wa saratani na pia huamua kama mgonjwa atafaidika na trastuzumab, dawa inayoilenga. Tukikosea jibu, anayeumia ni mgonjwa.

Hatua ya 1: Nyama kwanza, mashine baadaye. Kipande kiingie kwenye formalini ya asilimia 10 yenye bafa ndani ya saa 1 tangu kukatwa, kikae humo saa 6 hadi 72. Titi zima lipasuliwe kabla ya kulowekwa. Formalini hupenya polepole. Nje panakaza, katikati panaharibika, na fomu bado inasoma “saa 24”. Andikeni saa ya kukatwa na saa ya kulowekwa. Bila hizo mbili, sioni maana ya kuendelea na ulinganisho.

Hatua ya 2: Slaidi zote zitoke bloku moja (nyama iliyogandishwa kwenye nta), zikifuatana. Wekeni alama palipo na saratani iliyovamia. Ile ambayo bado imo ndani ya mirija hung’aa sana na kudanganya jicho.

Hatua ya 3: IHC. Tazameni rangi ya kahawia kwenye utando wa seli. Duara kamili lenye rangi kali kwenye zaidi ya asilimia 10 ya seli za saratani ni 3+, chanya. Duara kamili lakini rangi hafifu au ya wastani ni 2+, bado haijaamulika. 0 na 1+ ni hasi. Kontroli (sampuli ambayo jibu lake linajulikana) ikigoma, rudieni.

Hatua ya 4: FISH. Msomaji asijue jibu la IHC. Ahesabu angalau seli 20: nukta za HER2, na za CEP17, alama ya katikati ya kromosomu 17. Uwiano wa HER2 kwa CEP17 wa 2.0 au zaidi, pamoja na wastani wa nukta 4.0 au zaidi za HER2 kwa seli, ni chanya.

Hatua ya 5: Chora jedwali la chanya na hasi za IHC na FISH, ukokotoe kappa, yaani makubaliano baada ya kuondoa yale ya bahati tu. Asilimia ya makubaliano peke yake haitoshi: wagonjwa wengi ni hasi, hivyo hata anayeandika “hasi” kila mara ataonekana hodari. 2+ iwekwe kando.

MASWALI

*Mwalimu, sisi hatuna FISH. 2+ tuiandikeje?*
Isiitwe hasi, dada. Andikeni “haijaamulika” na mtume bloku kwenye maabara yenye FISH au CISH. CISH nayo huhesabu jeni, ila husomwa kwa hadubini ya kawaida.

*Na kipokezi cha estrojeni, FISH inafaa?*
Hapana. FISH huhesabu jeni. Pale tunatafuta protini kwenye kiini, kwa IHC. Kuanzia asilimia 1 ya seli ni chanya, na 1 hadi 10 huandikwa “chanya ya chini”.

*IHC 3+, FISH hasi. Tuamini ipi?*
Msiamini yoyote kwanza, kaka. Hakikini kontroli na eneo lililosomwa, kisha mtu wa pili ahesabu upya. Zikiendelea kupingana, pimeni bloku nyingine ya uvimbe uleule.