Kupandisha faru mweusi kwenye bustani ya wanyama: anzia kwenye mavi

Wengi hufungia dume na jike pamoja mwaka mzima, wakangojea ndama. Faru weupe hupenda kundi; faru mweusi ni wa kujitenga. Ukiwabana pamoja, watapigana au watapuuzana.

Kila baada ya siku mbili chota mavi mabichi ya jike, kiasi cha ngumi, kutoka katikati ya rundo ambako mkojo haujafika. Andika tarehe, gandisha kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, kisha peleka maabara wapime projesteroni, homoni ya uzazi. Mzunguko wake ni siku 25 hivi, na homoni hiyo ikishaporomoka, joto, yaani siku za kukubali dume, li karibu. Ikibaki chini miezi mitatu mfululizo, jike hapevushi mayai. Mwite daktari kabla ya kumsumbua dume.

Kabla ya kuwakutanisha, wabadilishane mazizi wiki nzima ili kila mmoja azoee harufu ya mwenzake. Jike akianza kurusha mkojo kidogo kidogo na kusimama kwenye nguzo upande wa dume, fungua lango kati yao asubuhi, uwanja uwe na milango miwili na usiwe na kona ya kumnasa. Kusukumana kwa pembe ni kawaida. Jike akibanwa asipate pa kutokea, tumia mpira wa maji kuwatenganisha. Dume akishapanda, tulia: huweza kumaliza nusu saa na zaidi.

Chakula ndicho kinachoua kimyakimya. Faru mweusi ni mla matawi, na akiwa kifungoni madini ya chuma hujazana kwenye ini lake. Mpe matawi mabichi kila siku, epuka chakula cha vidonge kilichoongezwa chuma, na usimzoeze matunda: vitamini C huongeza ufyonzaji wa chuma.

Mimba ni miezi 15 au 16. Mtenge jike mapema, sakafu iwe kavu isiyoteleza. Ndama, kilo 40 hivi, asiponyonya saa chache baada ya kuzaliwa, daktari awe ameshafika.

Ndama akishaacha kunyonya, mlishe ndani ya sanduku la kusafirishia, mlango wazi, ili alizoee kabla ya safari. Faru weusi 5 kutoka Ulaya waliopelekwa Hifadhi ya Taifa ya Akagera, Rwanda, Juni 2019, walikusanywa kwanza kwenye bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, Cheki, wakazoezwa masanduku yao kwa miezi kadhaa.