Paka wako kaambiwa ana kisukari? Soma bomba la sindano kwanza, mengine yatafuata

Naandika haya kwa sababu nimetoka kumsaidia jirani yangu hapa Dar na paka wake, dume moja nene linaitwa Bwenyenye, na kabla ya hapo nililea wa kwangu mwenye kisukari mpaka uzee ukamchukua. Mi siyo daktari. Dozi utapewa na daktari wa mifugo, mi nakupa yale ya nyumbani ambayo hakuna anayekaa kukueleza ukishalipa na kuondoka.

Ila kama paka anatapika, kagoma kula na kalegea kabisa, acha kusoma hapa, mpeleke sa hivi hivi.

Hatua ya 1: Hakikisha ni kisukari kweli

Paka akiogopa sukari inapanda yenyewe, na paka gani anafurahia kufungiwa kwenye tenga akapakiwa bajaji hadi kliniki? Kwa hiyo kipimo kimoja cha damu hakitoshi. Uliza kama sukari imeonekana na kwenye mkojo, au kama wana kipimo cha fruktosamini, hicho kinaonyesha sukari ilivyokuwa kwa wiki moja mbili zilizopita. Ukiona anamaliza bakuli la maji, mchanga wake umelowa mabonge mabonge, anakula sana na bado anakonda, au anatembea huku visigino vya miguu ya nyuma vinagusa chini, hizo ni dalili za kisukari, mwambie daktari. Mwambie pia daktari kama aliwahi kuchomwa sindano ya steroidi kwa ajili ya muwasho, maana hizo zinaweza kuamsha kisukari.

Hatua ya 2: Usimpe vidonge vya bibi

Kila nyumba ina mtu mwenye vidonge vya sukari kabatini na kila nyumba ina mtu mwenye wazo hilo. Hapana. Kuna vidonge vya paka vilivyoruhusiwa Marekani kuanzia mwishoni mwa 2022, lakini havimfai kila paka, na aliyekwisha kutumia insulini hapewi. Paka wengi dawa yao ni insulini, asubuhi na jioni, kila baada ya saa 12.

Hatua ya 3: Chupa na bomba lazima viendane

Hapa ndo tulipokesha, kwa hiyo nitakaa.

Insulini inapimwa kwa yuniti, siyo kwa mililita. Kuna chupa zimeandikwa U-100, yani kila mililita moja ina yuniti 100, hizi ndo za binadamu kwenye famasi zetu, Lantus ikiwemo. Na kuna U-40, yuniti 40 kwa mililita, kama Caninsulin ambayo ni ya wanyama. Mabomba nayo yako hivyo hivyo: la U-100 mara nyingi kifuniko cha sindano ni cha rangi ya chungwa, la U-40 chekundu, lakini usiamini rangi, soma maandishi ya kwenye bomba lenyewe. Ukivuta insulini ya U-100 kwa bomba la U-40 mpaka kwenye mstari wa yuniti 1, umevuta yuniti 2.5. Paka anayeanza mara nyingi anapewa kama yuniti 1 tu kwa mara moja, sasa piga hesabu. Ukifanya kinyume chake anapata pungufu, sukari haishuki, wewe unadhani dawa ni feki. Na India bado wanatumia U-40 hata kwa watu, kwa hiyo ndugu akikuletea mzigo kutoka kule soma chupa upya hata kama jina ni lile lile.

Ngoja, kuna mtego mwingine ndani ya huo. Jirani alikuwa na Lantus na bomba la U-100, vyote sawa kabisa. Saa nane mchana Bwenyenye anayumba, macho yamemtoka, kajibanza nyuma ya kochi. Namuuliza, "Dada, asubuhi ulivuta mpaka wapi?" Ananijibu, "Si mstari mmoja, yuniti moja." Famasi walimpa bomba la mililita 1, na mengi ya hayo mstari mmoja mdogo ni yuniti 2. Tukabaki naye mpaka usiku wa manane, tunapima na kumlisha, daktari yuko kwenye simu.

Kwa hiyo msimamo wangu haubadiliki: kwa paka nunua bomba la mililita 0.3, tena lile lenye mistari ya nusu yuniti ukilipata. Famasi ya mtaani wakikwambia hayapo zunguka, uliza famasi kubwa karibu na hospitali, agizia. Kalamu ya insulini siipendi kwa paka, ile ya Lantus inaruka yuniti moja moja na daktari akitaka nusu huipati.

Kabla ya dozi ya kwanza kabisa vuta, piga picha, mtumie daktari WhatsApp, subiri ajibu ndo uchome.

Hatua ya 4: Kuchoma

Rahisi kuliko unavyoogopa. Aanze kula kwanza. Finya ngozi ya ubavuni iinuke kama hema, ingiza sindano chini ya hema, sukuma, toa. Watu wengi wanachoma shingoni, mi napendelea ubavu maana dawa inaingia vizuri zaidi. Manyoya yakilowa ujue imetokea upande wa pili, na hapo USIRUDIE. Huna uhakika imeingia? Usirudie pia, subiri zamu ijayo. Kakosa dozi moja siyo balaa, kapata mbili ndo balaa. Akigoma kula usichome dozi nzima kwa mazoea, piga simu.

Hatua ya 5: Dawa na umeme wetu huu

Lantus ni angavu kama maji, ikiwa na ukungu tupa, na usiitikise. Iweke katikati ya friji, siyo karibu na freza, ikiganda imekufa. Andika kwenye chupa tarehe uliyofungua. Umeme ukikatika usifungue fungue friji. Ukipotea muda mrefu, na joto la Desemba mpaka Machi linavuka nyuzi 30 bila shida, funga chupa kwenye mfuko mkavu, tia ndani ya chungu cha udongo kilicholoweshwa nje, weka kivulini penye upepo.

Hatua ya 6: Mashine ya kupima

Nunua mashine ambayo stripu zake (vile vipande vya kuwekea damu) zinauzwa mtaani kwako, basi. Mashine yenyewe siyo gharama, stripu ndo zitakumaliza. Damu inatoka pembeni ya sikio: lisugue lipate joto, weka pamba nyuma yake usijichome kidole, dona. Mashine za binadamu kwa paka zinasoma chini kidogo ya ukweli, lakini ukiona chini ya 4 (kwa mashine inayosoma mmol/L) na insulini iko mwilini usimwache peke yake, na akitetemeka, akiyumba au akidondoka pakaza asali kwenye fizi (usimmiminie kooni), akizinduka mpe chakula, halafu kliniki. Dozi inayofuata mpaka daktari aseme.

Hatua ya 7: Chakula

Ugali na dagaa, wali na mchuzi, vyote basi. Hata vile vikavu vya dukani vina wanga mwingi. Anachohitaji ni nyama, na cha kopo chenye wanga mdogo ndo bora mfuko ukiruhusu. Samaki au kuku wa kuchemsha bila chumvi ni sawa kuongezea ila asiishi kwa hivyo tu, atakosa kalsiamu na virutubisho vingine.

Halafu hili watu hawaambiwi: ukishaanza insulini usibadilishe chakula ghafla. Wanga ukipungua sukari nayo inashuka, na dozi ile ile ya jana inakuwa kubwa leo. Badilisha taratibu, pima mara nyingi zaidi, daktari ajue. Kuna paka, hasa waliowahiwa mapema, wanafika mahali hawahitaji sindano tena, kwa hiyo ukianza kuona namba za chini chini siku kadhaa mfululizo mpigie daktari apunguze yeye, usikate mwenyewe.