Somo: Kukata kona na ndege, mwendo kwanza, mlalo baadaye

Mwanafunzi akiona kona inamshinda, mkono hukimbilia kuilaza ndege zaidi, yaani kuongeza mlalo, ule mwinamo wa mbawa upande mmoja. Nawaombeni muutazame mwendo kwanza.

Hatua ya 1. Fahamu kinachoigeuza ndege. Si usukani wa mkia, ni mbawa. Ukiilaza, sehemu ya nguvu iliyokuwa ikiibeba sasa inaivuta upande. Ya kubeba inapungua, pua inashuka, nawe unavuta usukani wa mkononi kidogo.

Hatua ya 2. Piga hesabu. Zidisha mwendo kwa wenyewe (mita kwa sekunde), kisha gawanya kwa 9.81 mara tanjenti ya mlalo. Cessna 172, ndege ndogo ya viti vinne, ikienda noti 90, ambazo ni mita 46 kwa sekunde, kwa mlalo wa nyuzi 30, nusukipenyo ni mita 380 hivi. Ndege ya noti 180 kwa mlalo uleule inahitaji zaidi ya mita 1,500. Mwendo mara mbili, kona mara nne! Duara zima la sekunde 51 linakuwa la sekunde 103.

Hatua ya 3. Mlalo nao una gharama yake. Bila kupoteza kimo, kwenye nyuzi 45 mbawa hubeba mara 1.41 ya uzito. Kwenye 60, mara 2. Utausikia mwilini: mashavu yanavutwa chini, kuinua mkono kufikia swichi ni kazi. Ndege inayostoli, yaani mbawa kuacha kubeba, kwa noti 50 ikiwa imenyooka, itastoli kwa noti 60 hivi kwenye nyuzi 45, na 71 kwenye 60.

Hatua ya 4. Kona ya mwisho kabla ya kutua. Hapa uko chini na mwendo ni mdogo. Ukipitiliza mstari wa njia ya kutulia, usizidishe nyuzi 30, na tafadhali usiikokote pua kwa pedali za usukani wa mkia. Ongeza nguvu, paa, uje upya.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mbona kona zangu hapa uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, ni pana kuliko za Mombasa?*
Wilson iko futi 5,500 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Kipima mwendo kinasoma 90, lakini mchana wa joto mwendo halisi unakaribia 100. Mita 380 zinakuwa 470 hivi. Anza kona mapema.

*Nikijaza abiria, kona inapanuka?*
Uzito haumo kwenye hesabu ile. Mwendo na mlalo vikiwa sawa, kona ni ileile. Ila ndege nzito hustoli mwendo ukiwa bado mkubwa, kwa hiyo utaiendesha kasi zaidi, na kasi hiyo ndiyo itakayoipanua.

*Na upepo?*
Hesabu yetu ni ya ndani ya hewa, na hewa yenyewe inatembea. Upepo wa noti 15 mgongoni unakusogeza mita 77 kila sekunde 10. Ndiyo maana wengi hupitiliza mstari wakidhani wamekosea mlalo.