Mambo ya Kuzingatia Kabla Mtoto Mchanga Hajashikwa na Mafua ya Msimu wa Baridi

Kuanzia Juni hadi Agosti wingu hutanda juu ya Moshi kutwa nzima, na kadiri unavyopanda kuelekea Kibosho, Machame au Marangu ndivyo baridi inavyozidi kuuma. Ni nadra mtoto mchanga kuivuka miezi hiyo bila mafua. Mwenye mtoto ajiandae mapema, si usiku ule ambao pua imeziba na mtoto analia kwa kushindwa kunyonya.

Mafua huletwa na virusi, na antibiotiki haziui virusi. Mara nyingi huisha yenyewe ndani ya siku 7 hadi 10, ingawa kikohozi huweza kukawia zaidi. Dawa za maji za kikohozi zinazouzwa madukani hazimfai mtoto wa umri huo, hata ukipunguza kipimo.

Kazi kubwa iko puani. Mtoto wa miezi ya mwanzo hupumua kwa pua zaidi, na anaponyonya mdomo huwa umeshughulika; ndiyo maana mafua ambayo kwa mtu mzima ni usumbufu tu humnyima yeye chakula. Nunua mapema matone ya maji ya chumvi ya puani pamoja na kipira cha kunyonyea kamasi. Ukikosa matone, chemsha robo lita ya maji, tia chumvi isiyofika nusu kijiko cha chai, acha yapoe kabisa, na yatakayobaki yamwage siku hiyo hiyo. Dondosha tone moja au mawili kila tundu dakika chache kabla ya kunyonyesha, subiri kamasi zilainike, kisha minya kipira kikiwa bado nje ya pua ndipo uingize ncha yake kidogo tu na kukiachia taratibu. Usifanye hivyo kila saa, kwa sababu pua ikichubuka huvimba na kuziba zaidi. Kamasi zisinyonywe kwa mdomo.

Mnyonyeshe mara kwa mara, kidogo kidogo. Aliye chini ya miezi 6 hahitaji maji, mchaichai wala tangawizi. Asali, iwe ya Tabora au ya mzinga wa babu, ni marufuku kabla ya kutimiza mwaka, kwa kuwa huweza kubeba bakteria wanaotengeneza sumu tumboni mwa mtoto na kulegeza misuli yake, hata ile ya kupumulia. Mafuta ya kuchua yenye kafuri yakae mbali naye. Beseni la kujifukiza pia lisisogezwe, watoto huungua.

Lililo zito kuliko yote ni jiko la mkaa. Jirani yetu mmoja, aliyepanga chumba kwenye nyumba tuliyokuwa tukiishi Majengo, alikuwa na mtoto aliyeshikwa na mafua mwezi Julai, na mama mkwe wake alikuwa ameshuka kutoka Kibosho kumsaidia. Usiku waliingiza jiko chumbani baada ya kusubiri mkaa ukolee na moshi ukatike, kama wengi tulivyofundishwa, wakafunga dirisha na kusokomeza khanga chini ya mlango ili upepo usimpige mtoto. Alfajiri tulisikia kishindo: mama alikuwa ameamka kunyonyesha, akaanguka mlangoni. Bibi alikuwa akitapika na kushika kichwa, na mtoto alikuwa amelegea, hata kuinuliwa hakukumfanya alie. Tuliwatoa nje kwenye baridi ile ile waliyokuwa wakiikimbia, tukawawahisha hospitali, wakawekewa oksijeni, na kwa rehema za Mungu wote watatu walipona.

Mkaa uliokolea hauna moshi, lakini ndani ya chumba kilichofungwa hujaza gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na ambayo hukamata damu mahali pa oksijeni. Aliyelala huzidiwa bila kushtuka. Anayeamka na kichwa kinachogonga, kizunguzungu na kichefuchefu hudhani ni malaria, akarudi kulala hapo hapo. Kwa hiyo jiko lisilale ndani, hata likiwa na makaa machache, hata mlango ukiachwa na upenyo. Mvalishe mtoto nguo moja zaidi ya ulizovaa wewe, na ukiwa macho mbebe kifuani, ngozi kwa ngozi, mkiwa mmejifunika pamoja bila kuziba uso wake. Kitanda unaweza kukipasha kwa chupa ya maji ya moto, mradi uiondoe kabla hujamlaza, naye alale chali bila mto.

Kikohozi kikikawia, atatokea mtu wa kukuambia mtoto akatwe kilimeo. Kataa, hata kama anayesema ni mkubwa wako. Kilimeo si chanzo cha kikohozi, na kukikata kumewatoa watoto damu hadi kufa.

Jifunze kuhesabu pumzi wakati mtoto ni mzima, akiwa ametulia, kwa dakika nzima ya saa ya simu. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, au 50 na kuendelea kwa wa miezi 2 hadi 11, si mafua ya kusubiri nyumbani. Vivyo hivyo kifua kinachobonyea chini ya mbavu anapovuta hewa, kuguna, midomo kubadilika rangi, degedege, au kukataa ziwa. Aliye chini ya miezi 2 akichemka au akiwa wa baridi isivyo kawaida, nenda saa hiyo hiyo, iwe hospitali ya Mawenzi, ya KCMC au kituo kilicho karibu.

Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zisirukwe, kwa kuwa miongoni mwake imo ya kukinga nimonia. Mwenye mafua asimbusu mtoto, anayevuta sigara avutie mbali, na kila anayempokea anawe mikono kwanza. Kadi ya kliniki iwe mahali panapojulikana na wote nyumbani, pamoja na nauli na namba ya dereva wa bajaji anayekubali kuamshwa usiku.